Mtoto Aliyeinama Kimya

Kwa miaka mitano mizima, katika jiji la London, mimi nilikuwa mtoto wa kiume wa miaka kumi. Cheka kama unataka. Asubuhi nilikuwa mama mwenye nyonga na shati la kazi, naogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee kule Leyton. Mchana nikapanda treni ya chini ya ardhi mpaka katikati ya mji, nikageuka mtoto. Nilikimbia milimani, nikaparamia mapaa, nikalia kwa kwikwi, nikaanguka mtoni mara sijui ngapi. Yote hayo niliyafanya nimesimama mahali pamoja, pekupeku, mbele ya maikrofoni. Na niliyafanya vizuri. Watu wetu wa London wanapenda kujidai hawajisifu. Mimi najisifu, na sioni haya.

Kabla ya London nilikuwa mchezaji wa michezo ya redio Dar es Salaam. Nilicheza wajane, wachawi, wake wenza, na watoto wote, maana mtoto wa kweli ukimweka mbele ya maikrofoni ama anasinzia ama anaomba kwenda chooni. Kisha nikaolewa, nikamfuata mume wangu masomoni Uingereza, na sauti yangu ikabaki ya kuwaambia wazee wa Kizungu wanyanyue mkono tuvae sweta. Kazi yenyewe sikuidharau, ilinilisha. Lakini nilikonda kwa kunyamaza kuliko kwa baridi. Mtu akiniuliza nafanya nini siku hizi nilikuwa namjibu kwa mkato, nisije nikalia mbele yake.

Aliyenitoa huko ni mtu wa Mombasa, dereva wa basi, zamani mtangazaji, tuliyekutana kwenye harusi moja Stratford. Alinisikia nikigombana na mpishi kwa ajili ya pilau iliyoungua. Akanijia na sahani yake mkononi.

"Bi dada, kifua hicho ni cha redioni. Usinidanganye."

"Na wewe koo hilo la kukwaruza ni la wapi? La kuuza kahawa?"

Tukacheka, tukawa ndugu tangu siku ile. Akaniambia kuna Mwingereza anatafuta Waswahili wa kutia sauti kwenye katuni za Kijapani, zipelekwe vituo vya televisheni vya nyumbani. Nikamwambia aache utani. Baada ya wiki moja tulikuwa wote wawili Soho, chini ya duka la viatu, kwenye studio yenye harufu ya kahawa na zulia bichi. Yeye akapewa sauti ya babu mwenye masharubu makubwa, mimi nikapewa mjukuu wake. Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi: mtoto yatima analelewa na babu yake mlimani, na babu anamfundisha kazi ya kufinyanga vyungu. Kila kipande cha kipindi mtoto anavunja kitu, na kila kipande anajifunza kitu.

Wenye kuidharau kazi hii hawajawahi kuingia kwenye kile chumba. Maikrofoni inasikia kila kitu. Bangili niliziacha mlangoni, viatu nilivua, na koti la baridi ndilo adui mkubwa kuliko yote, ukinyanyua mkono tu linapiga kelele kama pakiti ya krispi. Nilikula kwanza kabla sijaingia, maana tumbo lenye njaa linasikika mpaka Dar. Mtoto akikimbia, na mimi nilitweta. Akila, niliweka kipande cha andazi shavuni. Akianguka, nilijipiga kifuani kwa ngumi, mume wangu akaona alama jioni, akataka kwenda kumuuliza yule Mwingereza ananifanyia nini huko.

Na wakati wote huo nilikuwa na mtu kwenye sikio la kushoto. Ndivyo tulivyofanya kazi: sikio la kulia unasikia sauti yako, la kushoto unasikia sauti ya asili, ya Kijapani, ikikuongoza. Sikujua neno hata moja la lugha ile, lakini niliijua pumzi yake. Nilijua anavuta hewa wapi, anaimeza wapi, kicheko chake kinaanzia tumboni au puani. Kwa muda mrefu nilidhani ni mvulana. Nilikuwa nasema moyoni, huyu mtoto wa watu ana kipaji cha kutisha, jamani.

Siku moja mwongozaji wetu, yule Mwingereza, mtu mpole mwenye sweta lililotoboka kiwiko, akaniambia si mtoto. Ni mwanamke. Tena ni mtu mzima, ana wajukuu, na kazi ya kutia sauti watoto wa kiume ameifanya tangu usichana wake. Akasema huko kwao ndiyo desturi: mvulana sauti itavunjika akibalehe, mwanamke haivunjiki, na ukishapewa mhusika ni wako mpaka mwisho. Nilikaa chini. Kumbe duniani kuna bibi mwingine, ng'ambo ya bahari zote, anayelala bibi na kuamka mvulana! Nilifurahi nikamkumbatia mwongozaji, maskini ya Mungu akageuka mwekundu.

Sasa nije kwenye lile jambo lililotaka kunimaliza.

Katika kipande cha kwanza kabisa, mtoto anaingia ndani asubuhi, anapiga magoti mbele ya babu, anainama mpaka paji la uso linagusa jamvi. Anakaa hivyo. Kisha anainuka na kuanza kusema. Kwenye karatasi zetu, hapo pa kuinama palikuwa patupu. Kwenye sikio la kushoto palikuwa kimya pia, pumzi tu.

Nikainua mkono. "Hapa anasema nini?"

Mwongozaji akasema hasemi kitu, tuendelee.

"Mtoto anaamka asubuhi, anamkuta babu yake, anainama, halafu kimya? Ni bubu?"

Mtu wa Mombasa akaweka karatasi zake chini. "Haki ya Mungu, mie mtoto asiyeniamkia simjibu. Mwambieni huyo babu yenu atafute koo jingine."

Mwongozaji hakuwa mjinga wala mbishi. Alituuliza, tukamweleza: kwetu mtoto hainamishi kichwa tu mbele ya mkubwa akaondoka. Anasema shikamoo, na mkubwa anaitikia marahaba, na asipoitikia mtoto anajua kuna jambo. Watoto watakaotazama wataona mtoto huyu hana adabu, na wazazi wao watazima televisheni. Alifikiri, akarudisha picha nyuma. Mtoto ameinama, mdomo hauonekani. Babu ana masharubu, mdomo hauonekani. "Jaribuni," akasema.

Nikasema, "Shikamoo babu." Mtu wa Mombasa akakohoa kwanza, kikohozi kirefu kikavu cha mzee aliyeanza siku, kisha akavuta: "Marahabaaa, mjukuu wangu." Mwongozaji alicheka mpaka akafuta machozi. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sheria ya nyumba ile ya mlimani: kila mtoto akiinama, shikamoo, kila shikamoo, kikohozi na marahaba.

Kilichotokea nyumbani sikukitegemea. Nilipompigia simu dada yangu Dar aliniambia nimewaharibia mtaa. Watoto wanaamkiana wenyewe kwa wenyewe barabarani, mmoja anainama, mwingine anakohoa, na wazee wa kweli wanakoholewa bure. Mama yangu, ambaye aliniambia kuwa kazi ya katuni ni kazi ya watu waliokosa kazi, alikuwa anahamisha kiti chake mbele ya televisheni kabla kipindi hakijaanza. "Nyamazeni," anawaambia watu, "mwanangu anaongea." Dada aliniambia hilo nikiwa kwenye kibanda cha simu Leyton, mvua inapiga kioo, na niliona fahari ambayo sijawahi kuiona tena mpaka leo.

Na humu ndani kwangu kulikuwa na binti yangu, mzaliwa wa London. Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Nimebembeleza, nimekaripia, nimetishia kumpeleka kwa bibi yake, wapi! Basi jioni moja, nimechoka, nikamwambia kwa sauti ya yule mtoto wa mlimani: "Wewe, mbona wali wako unakutazama tu?" Akageuka, macho yamemtoka. Akajibu, "Sitaki karoti." Kwa Kiswahili! Kuanzia hapo mama yake alikuwa anajibiwa Kiingereza na yule mtoto anajibiwa Kiswahili. Wakawa wanasimuliana habari za shule, wanagombana, wanapatana. Mimi nakaa pembeni ya sauti yangu mwenyewe nasikiliza. Ndiyo maana nasema, mtoto yule hakuwa mshahara kwangu. Wangemchukua, wangebeba na lugha ya nyumba yangu.

Nao walitaka kumchukua.

Vipande vya mwisho vilikuwa bado havijafika kutiwa sauti pale kampuni ilipopata bosi mpya. Huyu alikuja na viatu vinavyong'aa na maneno ya haraka. Akasema mimi ni mkaidi, naongeza maneno yasiyokuwamo. Akasema pia kwamba sauti yangu imezeeka. Imezeeka! Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Akamleta binti mmoja wa Kitanzania, mwanafunzi wa chuo, sauti yake nyororo na safi, na adabu anayo, lazima niseme kweli. Aliponiona tu: "Shikamoo aunti." Nikamwitikia huku nataka kumng'ata.

Ugomvi ukaja kuiva kwenye kipande cha mwisho kabisa. Babu amekufa. Mtoto anarudi kwenye kile chumba, pale alipokuwa akikaa mzee pana picha yake na ubani unafuka. Anapiga magoti, anainama, anakaa hivyo muda mrefu. Kisha anakwenda kwenye udongo, anaanza kufinyanga peke yake. Basi, imekwisha.

Nilimwambia bosi hapa mtoto anasema shikamoo. Akasema hapana, karatasi ni tupu, na maiti haamkiwi. Mwongozaji wetu alijaribu kunitetea, akakatwa. Mtu wa Mombasa akasema taratibu, "Lakini bwana mkubwa, huyu ni mtoto. Anajua nini kuhusu maiti? Anamjua babu yake." Bosi akapandisha mabega.

Ndipo tukapata habari kwamba yule mwanamke wa sikio la kushoto anakuja London. Alialikwa kwenye mkutano wa wapenzi wa katuni, na aliomba kuwasikia waliompa mtoto wake lugha nyingine. Bosi akaona hapo ndipo pa kunimalizia. Akatangaza kuwa mimi na yule binti tutatia sauti sehemu ile ya mwisho, kila mtu yake, na bibi wa Kijapani atasikiliza zote mbili. Atakayemkubali ndiye atakayemaliza. Mimi nikaifanya na shikamoo. Binti akaifanya kama karatasi inavyosema, kimya, na pumzi yake ilikuwa nzuri kuliko nilivyotaka.

Siku yenyewe niliomba ruhusa kazini, nikavaa kitenge kipya, halafu nikakivua kwa sababu kinachakarisha, nikavaa gauni la pamba. Alikuja na mkalimani wake. Mama mdogo wa umbo, nywele fupi za mvi, suruali ya kitambaa. Mlangoni mwa chumba alivua viatu bila kuambiwa, akavua na saa yake, akaiweka kwenye kisahani pale pale ninapoweka bangili zangu. Kisha akasema neno la salamu, na mimi nikashika ukuta. Sauti ile! Miaka yote ile imo kichwani mwangu, leo inatoka kwenye mdomo wa bibi aliyesimama mbele yangu.

Bosi akataka kumwekea kipande cha mwisho. Bibi akakataa. Akasema, kupitia mkalimani, kwamba mtu hawezi kumpima mtoto kwa siku yake ya mwisho, aanzishiwe mwanzo. Basi ikawekwa kanda ya kwanza. Akafumba macho, akasikiliza. Mtoto akaingia, akainama, nikajisikia nikisema, "Shikamoo babu." Kikohozi. "Marahabaaa, mjukuu wangu."

Bibi akafumbua macho. Uso haukuwa na tabasamu. Akauliza kwa nini kuna sauti mahali ambapo yeye alinyamaza.

Bosi akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Hasira ikanipanda. Nikasimama. Nikamwambia mkalimani, "Naomba umwambie hivi. Kwenu mtoto anaposema kwa kuinama, wote wanasikia. Kwetu mtoto akiinama bila kusema, hakuna aliyesikia kitu. Sikukutoa wewe nikajiweka mimi. Nilikuwa nasema ulichokuwa unakisema." Mkalimani akageuza maneno, marefu kuliko yangu. Bibi akaielekezea mashine kidole, iendelee.

Akasikiliza kanda nyingine, na nyingine. Kila mtoto alipoinama, na bibi aliinamisha kichwa kidogo, na kila kikohozi kilipokuja, mdomo wake ulijikunja kama mtu anayezuia kucheka. Mtu wa Mombasa alikuwa amejikalia kwenye kona, anajifanya anasoma gazeti, amelishika juu chini.

Halafu ile ya mwisho. Wakaanza na ya binti. Kimya, pumzi, udongo. Bibi akasema ni safi sana, na ilikuwa safi. Nilijua nimekwisha. Nikaanza kumfikiria binti yangu mezani, anamsubiri mtoto wa mlimani aje amwambie ale karoti, na mtoto haji.

Wakaweka yangu. Chumba, picha ya babu, moshi wa ubani. Mtoto anapiga magoti. "Shikamoo babu."

Bibi akainua kidole. Alikuwa anangoja kikohozi. Nilimwona anangoja: kichwa kimeinamia spika, kidole hewani. Mtoto ameinama, moshi unapanda, hakuna kitu. Hakuna kitu kabisa. Kidole chake kikaanza kushuka polepole, na mkono ule ule ukaenda mdomoni. Alikuwa analia, bibi wa watu, bila sauti hata chembe.

Picha ilipokwisha akageuka kunitazama. Kisha akazungumza, na mkalimani alikuwa anafuta macho huku anatafsiri. Alisema mwanzoni alidhani tumemwibia kimya chake. Kumbe tulikuwa tumemwekea mpaka mwisho, pale kinapouma. Alisema yeye miaka yote ile aliinama kwa pumzi tu, na sasa angependa kurudi kuinama tena. Akamgeukia bosi, akasema maneno machache, na hayo sikuhitaji mkalimani kuyaelewa. Mtoto ni wa huyu. Amalize mwenyewe.

Yule binti wa chuo ndiye aliyekuwa wa kwanza kunikumbatia. "Hongera aunti, mimi mwenyewe nimelia." Nikambana kifuani kwangu, na ile hamu ya kumng'ata ikaniisha. Vipande vyote vilivyobaki nilivimaliza mimi, neno kwa neno, na shikamoo yangu ya mwisho ilikwenda hewani Dar kama nilivyoisema. Dada aliniambia siku ile mtaa mzima watu walinyamaza, na mama yangu akainuka kwenye kiti akaenda uani, hakutaka kuonekana.

Lakini nirudi pale mlangoni, tulipokuwa tunamsindikiza bibi. Alivaa viatu, akavaa saa yake. Kisha akasimama mbele yangu, akaweka mikono mapajani, akainama. Si kuinamisha kichwa tu, aliinama mpaka nikaona mvi za kisogoni. Mama wa umri wa mama yangu ananiinamia mimi! Nikababaika, sikujua nijifiche wapi. Nikashika magoti nikainama chini kuliko yeye, na kwa kuwa uso wangu ulikuwa unatazama zulia, ikanitoka yenyewe, kwa sauti ya mtoto.

"Shikamoo."

Kimya. Nikasema moyoni, mjinga wewe, atajuaje.

Halafu juu ya kichwa changu nikasikia kikohozi. Kirefu, kikavu, cha mzee aliyeanza siku. Alikuwa amekisikia kwenye kanda mchana mzima, akakishika chote, na mkwaruzo wake na mvuto wake.

"Marahabaaa, mjukuu wangu."

Nyuma yangu mtu wa Mombasa alipiga kelele kwamba ameibiwa koo lake, na watu wote wakaangua kicheko. Mimi sikuinuka. Babu alikuwa ameitikia.